Twiga, kolibri na mtoto wa mgongoni

Mama zetu wa Masisi na Walikale, twiga wengi wetu tunamjua kwenye noti ya franka 20,000 tu, na hata noti yenyewe haitutembelei mara nyingi. Katika Kongo yetu, wachache waliobaki wanaishi mbali, kwenye mbuga ya Garamba. Kolibri naye ni ndege wa Amerika, lakini tunaye anayefanana naye: yule mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, anayefyonza maji matamu kwenye maua ya migomba.

Wiki hii darasani tuliuliza: kati ya twiga na kolibri, nani mlaji? Watoto wote wakapaza sauti: twiga! Tukapiga hesabu ubaoni. Twiga wa kilo 900 hula majani kama kilo 30 kwa siku, sehemu moja ya 30 ya uzito wake. Kolibri ana gramu 4 au 5, lakini kwa siku hunywa maji ya maua kupita uzito wake mwenyewe. Mwili mdogo hupoteza joto upesi, na moyo wake unaweza kupiga mara 1,000 kwa dakika. Hawezi kungoja jioni.

Mvulana mmoja akasema: "Mwalimu, basi mdogo wangu ni kolibri." Tulicheka, kisha tukanyamaza. Maana katika nyumba nyingi sasa, vijijini na kambini, chungu kinapanda motoni mara moja tu, tukirudi shamba. Sisi wakubwa tunavumilia. Mtoto wa mwaka mmoja anahitaji kula mara 3 au 4 kwa siku, na kunyonya pia. Tumbo lake ni dogo. Sahani moja ya bugali usiku hailipi deni la mchana.

Hatusemi tupike mara nne, bei ya makala na unga tunaijua. Viazi vya jana, kipande cha avoka, ndizi iliyoiva, uji wa masosoma ndani ya termosi: hivyo vinaenda shamba pamoja na mtoto.

Kolibri akiishiwa nguvu usiku, hupunguza joto la mwili na kutulia kama amekufa, asubuhi anaamka. Mtoto hana uwezo huo. Akikaa kimya mchana kutwa bila kucheza, tusimsifu kwamba ni mpole. Tumpeleke kwa reko apimwe mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, utepe ukionyesha nyekundu, chini ya sentimita 11.5, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Na miguu yote miwili ikivimba, aende hata kama utepe ni kijani.