Wingi wa "moreover" si usomi

Imeota mizizi katika vyuo vyetu imani kwamba tasnifu ya Kiingereza huwa ya kisomi pale karibu kila sentensi inapofunguliwa na "moreover", "furthermore" au "however". Imani hiyo ni potofu, na inawaponza vijana wenye akili nzuri.

Chanzo chake ni orodha. Tangu sekondari mwanafunzi hupewa viunganishi vya Kiingereza vilivyopangwa kwa makundi: vya kuongeza, vya kupinga, vya matokeo. Hukariri kundi zima, na akiandika huchukua hiki hapa na kile pale, mradi asirudie neno. Hakuna aliyemwambia kwamba viunganishi vya kundi moja havifanyi kazi moja.

Chukua "on the contrary". Kazi yake ni kukanusha. Mwanafunzi akiandika kwamba bei ya kahawa ilishuka, kisha "on the contrary" bei ya chai ilipanda, amekosea, kwa kuwa kupanda kwa chai hakukanushi kushuka kwa kahawa. Hapo palitakiwa "whereas" au "by contrast". "On the contrary" ingekaa sawasawa kama angesema kwanza kuwa bei ya kahawa haikushuka, ndipo aongeze kuwa ilipanda. Kinachoniuma ni kwamba kwa Kiswahili kijana huyohuyo hakosei. Hawezi kusema "kahawa ilishuka bali chai ilipanda". Atasema "ilhali", maana anajua fika kuwa "bali" hutanguliwa na ukanushi. Mantiki anayo tayari. Tumemfundisha kutoitumia anapoandika Kiingereza.

Hatari zaidi ni "therefore". Mtafiti anaonesha kuwa shule zenye maktaba zina ufaulu mkubwa, kisha anahitimisha: "therefore", maktaba huongeza ufaulu. Neno hilo moja limedai uhusiano wa sababu na matokeo ambao takwimu zake hazijauthibitisha. Huenda shule hizo ndizo zenye walimu wa kutosha, au ndizo zinazopokea watoto wa wazazi wenye uwezo. Kiunganishi ni dai, na dai lolote katika tasnifu lazima liwe na ushahidi. Msimamizi anayekagua kila jedwali, lakini akaipita "therefore" kama pambo la lugha, ameacha kosa kubwa kuliko hayo aliyoyasahihisha.

Wapo wanaojitetea kwamba watahini hupenda kuviona viunganishi. Si kweli. Vigezo vya uandishi vya mtihani wa IELTS huhesabu matumizi ya kupita kiasi ya viunganishi kuwa udhaifu, na daraja la juu kabisa, la 9, ni la mwandishi ambaye mshikamano wa matini yake huvuta macho ya msomaji kwa nadra sana. Wanaisimu nao walilisema hili zamani. Halliday na Hasan, katika kitabu chao cha 1976 kuhusu mshikamano katika Kiingereza, walitaja njia tano za kuunganisha matini: urejeleaji, ubadilishaji, udondoshaji, viunganishi na msamiati. Viunganishi ni njia moja tu kati ya hizo. Miaka sita baadaye Patricia Carrell akaonya kwamba mshikamano si muwala: sentensi zinaweza kufungamana kwa maneno, na hoja bado isieleweke.

Kwa hiyo nawasihi wahadhiri wenzangu tuache kugawa orodha hizo. Tumpe mwanafunzi aya moja ya makala nzuri, tumuulize kila sentensi inaifanyia nini ile iliyoitangulia: inaithibitisha, inaipinga, inaifafanua, au inaiwekea mpaka? Akishajibu, ndipo tutafute neno la Kiingereza linalobeba jibu hilo hasa.

Nawe unayeandika tasnifu sasa, fungua sura moja, ufute viunganishi vyote, uisome upya. Rudisha vile tu unavyoweza kuvitetea mbele ya jopo.