Mwenye kulipa ekspere apewe raporo

Wandugu wa kazi na mama wa nyumba, leo tuzungumze juu ya karatasi moja yenye kuvunja watu moyo: raporo ya ekspere wa banki, mwenye kuja kupima bei ya nyumba.

Jirani yangu, fundi wa umeme ku mugodi, alibakia na deni ya dola 18.000 juu ya nyumba yake. Banki ingine ilikubali kununua ile deni kwa faida ya chini, lakini haipite 70% ya bei ya nyumba. Yeye alihesabu dola 40.000. Ekspere akaandika 25.000. Asilimia 70 ya ile njo 17.500. Kwa dola 500 tu, mambo yote ikasimama.

Alitaka kwenda kukopa zile 500 kwa wale tunaita «banque lambert». Nikamwambia: Baba, ngoja. Omba kwanza raporo. Ilichukua wiki mbili kuipata, na ekspere alilipwa na mufuko wake mwenyewe!

Tukasoma pamoja. Ekspere alihesabu vyumba vitatu, viko vitano. Kisima hakukiandika. Na bei yenyewe ilikuwa ya kuuzisha mbio, kama vile banki imekamata nyumba. Haikuwa bei ya soko.

Lakini tuseme kweli: vile vyumba viwili alivijenga bila ruhusa, haviko ku plani. Kwa sheria ya 20 Julai 1973 udongo ni wa Leta, na ipoteke inaandikwa ku certificat d'enregistrement. Karatasi zikilala, nyumba nayo inapunguka.

Basi, tengeneza karatasi. Andikia banki barua: weka picha, vipimo, na bei ya nyumba zilizouzishwa kweli ku aveni yako. Omba ekspere wa pili mwenye banki inakubali. Kama bei inabakia chini, punguza deni ya zamani polepole, kisha rudia. Na hesabu malipo ya kubadilisha ipoteke: kama inakula faida yote, bakia pale uko.

Kwa banki nasema: mwenye kulipa asiombe-ombe, mumupe raporo siku ileile. Ile nyumba ni jasho ya miaka mingi mu shimo. Isipimwe ku dirisha ya motokari.