Si bei chee iliyoing'oa Nokia

Kuna kauli nimeisikia Arusha tangu nikiwa kijana, na kila anayeitamka huitamka kama anayesoma Katiba: "Watu wetu hawa, bwana, ni bei tu." Mara ya mwisho niliisikia ndani ya Hiace ya Usa River, Jumamosi moja asubuhi. Bwana mmoja mtanashati, simu ya bei mbaya mkononi, alikuwa akimweleza mwenzake kwa nini Tecno na itel zimejaa kila mfuko wa suruali kutoka Sakina hadi Tengeru. Mchina kaleta rahisi, Mswahili anapenda rahisi, kwisha habari.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja aliyekuwa akienda gulioni Tengeru. Alifungua pindo la khanga, akatoa kiswaswadu chake kilichofungwa mpira nyuma ili mfuniko wa betri usidondoke. Akapiga, akasikiliza, akakata. Akabonyeza tena, safari hii akachagua laini ya pili, akaongea. Nilimpa shikamoo nikamuuliza za nini laini mbili.

"Hii ya watoto, mwanangu. Wako mjini, wote mtandao mmoja, tunajiunga dakika tunaongea mpaka usiku. Hii nyingine ndiyo inashika kule kwangu juu karibu na msitu. Ile ya watoto nikivuka korongo tu, imekufa."

Sasa mpe mama huyu simu ya laini moja kwa nusu bei. Mpe hata bure. Atashukuru, atakuombea, kisha atampa mjukuu achezee.

Kama kweli bei ndiyo mwamuzi wa soko letu, Nokia ingekuwa bado inatawala. Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003 haikuwa simu ya matajiri. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa vumbi na giza kama sisi: tochi kichwani, vibonye vilivyofunikwa mpira, chaji ya kukaa siku kadhaa. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Aliyeishi Arusha miaka ile anakumbuka kila kinyozi alikuwa na chaja ya Nokia ikining'inia ukutani, na foleni ya simu za watu juu ya meza. Ilikuwa rahisi, ilikuwa imara, na ilipendwa. Lakini iling'oka.

Na chini ya Nokia palikuwa na rahisi zaidi, yaani feki. Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipozizima simu feki nchi nzima, nchi ilikuwa imeshazoea kubonyeza *#06# na kutuma namba kwenda 15090 kuulizia uhalali wa simu. Wenye kauli ya "ni bei tu" walitumia tukio hilo kama ushahidi wao. Mimi nalisoma kinyume. Wengi waliouziwa feki hawakuwa wakitafuta feki, walikuwa wakitafuta Samsung. Walitapeliwa kwa sababu walitaka kitu kizuri, si kwa sababu walitaka kitu duni.

Kilichoing'oa Nokia hapa kwetu kilianzia mahali ambapo wauza simu hawakuwa wakipaangalia, kwenye vita vya mitandao. Mobitel ilikuwepo tangu miaka ya tisini, ndiyo iliyokuja kuwa Buzz, kisha Tigo, na leo inaitwa Yas. Vodacom ikaingia mwaka 2000. Celtel ikafuata 2001, ikawa Zain, ikawa Airtel. Kila mmoja akajenga uzio. Kupiga ndani ya mtandao ilikuwa nafuu, kupiga nje ilikuwa kilio, kwa sababu kampuni zilikuwa zikilipana kwa kila dakika inayovuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Hata baada ya TCRA kukaza kamba mwaka 2013, malipo hayo yalikuwa shilingi 34.92 kwa dakika. Kufikia 2022 yalikuwa yameshuka hadi shilingi 2. Katika miaka ile ya kilio, wakubwa wa masoko waliamini uzio utamfunga mteja ndani. Mteja akafanya jambo jepesi: akanunua laini ya kila mtandao. Mwenye uwezo alitembea na simu mbili. Asiye na uwezo alitembea na simu moja na laini ya pili ndani ya pochi, anafungua mfuniko, anatoa betri, anabadilisha, anapiga, anarudisha. Nimewahi kuiangusha laini kwenye matope ya stendi kwa mchezo huo, na sikuiona tena.

Bwana wa Hiace anadhani Mchina aliona umaskini wetu. Hapana, aliona ule mfuniko wa betri ukifunguliwa mara tano kwa siku. Zhu Zhaojiang, aliyeanzisha Transsion, kampuni inayotengeneza Tecno na itel, mwaka 2006, alikuwa amezunguka Afrika akiuza simu za kampuni nyingine ya Kichina kabla ya kufungua yake. Mwaka 2007 Tecno ilikuwa na simu ya laini mbili. Nokia ilitangaza yake ya kwanza mwaka 2010. Miaka mitatu kwenye simu ni kizazi kizima.

Nokia haikukosa wahandisi wa kuweka tundu la pili. Ila huko Ulaya simu huuzwa sana kupitia kampuni za mitandao, kwa mkataba, na mwenye mtandao aliyekuchangia bei ya simu hataki umwingize mshindani wake kwenye tundu la pili. Kwetu hakuna aliyetuchangia simu. Tulinunua wenyewe, taslimu, kwenye fremu, kwa hiyo muuza simu hakuwa na deni kwa mtandao wowote. Deni lake lilikuwa kwetu. Aliyelielewa hilo mapema ndiye aliyechukua soko.

Kisha yakafuata mengine. Betri ya kudumu kwa anayeishi mahali umeme unakuja na kuondoka. Kamera iliyofundishwa kuona sura nyeusi, ili picha ya kipaimara iliyopigwa jioni isionyeshe meno na shela peke yake. Vituo vya matengenezo vya Carlcare, na spea zinazopatikana kwa fundi wa mtaani. Kuta zilizopakwa bluu ya Tecno mpaka kwenye maduka ya vijijini, ambako kampuni kubwa ziliona hakuna wa kusoma tangazo. Mwaka 2019 Transsion iliingia kwenye soko la hisa la Shanghai, na huko kwao China simu zake huzioni madukani.

Sisemi bei haina kazi. Mwenye laki moja haangalii simu ya laki nane, huo ni wendawazimu. Lakini bei inamfikisha mteja mlangoni tu. Akishaingia atakuta kwenye kioo simu sita za bei hiyohiyo, na hapo ndipo ataanza kuuliza: inakaa na chaji? Ina laini ngapi? Spika yake ikoje? Kioo kikipasuka kinapatikana? Kaa nusu saa kwenye fremu yoyote karibu na Soko Kuu usikilize. "Bei gani?" litakuwa swali la kwanza, halafu yatafuata kumi ambayo bwana wetu hakuyasubiri.

Kinachoniudhi zaidi si dharau iliyo ndani ya ile kauli, ingawa dharau imo. Wafanyabiashara wetu wenyewe wameimeza. Nenda uone fremu zilizopangana, zote zinauza kava zilezile na protekta zilezile. Mmoja anauza elfu kumi, jirani anashusha elfu saba, wa tatu elfu tano, mpaka mtaji unaisha na fremu inabandikwa karatasi ya "inapangishwa". Ukiwauliza wanakujibu kwa kauli ya bwana wa Hiace: watu wetu ni bei tu.

Ndugu zangu wenye fremu za barabara ya Moshi, acheni kava zilale kwenye bei yake. Jumatano na Jumamosi fungueni alfajiri, wekeni soketi za kutosha mezani na fundi aliyekwisha kunywa chai. Wamama wa gulio la Tengeru wanapita hapo kabla jua halijatoka, na simu zao zimezima tangu jana.