Usukani wa mbio za saa: pima viwiko kabla ya pochi

Siku hizi Ulaya kuna karakana zinazotengeneza usukani wa baiskeli kwa ajili ya mtu mmoja tu. Mteja huinamishwa, mikono yake ikapimwa kwa skana, kisha nyuzi za kaboni zikafinyangwa kufuata umbo la vigasha vyake toka kiwikoni hadi kiganjani. Bei yake inatosha kununua bodaboda mpya na chenji ikabaki. Picha za sukani hizo zinapofika kwenye simu za vijana wanaojifua alfajiri Nairobi, Arusha au Kigali, wengi wao huanza kuamini kwamba dawa ya mwendo iko dukani.

Haiko huko, au tuseme iliyoko huko ni kidogo. Kwenye barabara tambarare, mwendeshaji akishavuka kilomita 40 kwa saa, takriban tisa ya kumi ya nguvu zake huishia kupambana na hewa. Na kinachoizuia hewa hiyo hasa ni mwili wake: mabega, kichwa, kifua na mapaja hubeba robo tatu ya kizuizi chote, pengine zaidi. Baiskeli, hata ile ya bei ya kutisha, ni sehemu ndogo iliyobaki. Upepo wenyewe hauna huruma. Kupanda kutoka kilomita 40 hadi 45 kwa saa ni nyongeza ya mwendo isiyofika asilimia 13, lakini nguvu za kuushinda upepo huongezeka kwa zaidi ya asilimia 40. Anayetaka mwendo huo ana njia mbili: apate miguu mipya, au ajikunyate.

Usukani wa mbio za kushindana na saa ni chombo cha kujikunyatia. Una bomba la chini lenye breki kwenye ncha zake, mito miwili midogo ya kulazia vigasha, na mirija miwili inayochomoza mbele ambayo viganja huishika. Kazi yake ni kuuweka mwili mahali pembamba na kuuacha hapo bila kuuchosha.

Ushahidi maarufu kuliko wote ni wa tarehe 23 Julai 1989. Ilikuwa siku ya mwisho ya Tour de France, na Mfaransa Laurent Fignon aliingia akiwa mbele ya Mmarekani Greg LeMond kwa sekunde 50. Zilibaki kilomita 24.5, kutoka Versailles hadi Champs-Élysées mjini Paris. LeMond alihitaji kukomboa sekunde mbili kwa kila kilomita, na wengi walishamwandalia Fignon sherehe. LeMond alitokea na kofia yenye mkia mrefu, vigasha vimelala juu ya bomba la kampuni ya Scott lililopinda kwenda mbele. Fignon alikuwa kichwa wazi, nywele zake ndefu zimefungwa nyuma zikipepea, mikono imeshika pembe za usukani wa kawaida. LeMond alikwenda kwa wastani wa kilomita 54.5 kwa saa, akamshinda mwenzake kwa sekunde 58 na kutwaa Tour kwa sekunde nane, pengo dogo kuliko yote katika historia ya mashindano hayo.

Kuna wanaosema bomba lile lilimwibia Fignon ushindi. Hapana. Zaidi ya wiki mbili kabla ya siku hiyo, katika mbio za saa za kilomita 73 kutoka Dinard hadi Rennes, LeMond alitumia bomba lilelile hadharani na kumwacha Fignon kwa sekunde 56. Kambi ya Fignon iliona kila kitu na ikabaki na usukani wake. Ni kweli pia kwamba siku ya Paris Fignon alikuwa na jipu lililomfanya ashindwe hata kukaa vizuri kwenye kiti, kwa hiyo si haki kulipa bomba sifa zote. Lakini ukweli wa kuvutia zaidi ni kwamba magurudumu yake yalikuwa mazima, yasiyo na spoki, mbele na nyuma. Alikuwa na vifaa vya gharama vya kukata upepo. Alichokosa ni alumini iliyopindwa, wazo la Boone Lennon, kocha wa skii wa Marekani aliyejua kwamba mteleza theluji hukusanya mikono mbele ya uso ili hewa impishe.

Basi mnunuzi aanzie mwilini. Umbali kati ya mito ndio jambo la kwanza. Viwiko vikikaribiana, hewa inayogonga kifua hupungua, na wengi hupata kasi. Wapo hata hivyo ambao mabega yao hupanda juu mara viwiko vinapobanwa, wakawa wakubwa zaidi mbele ya upepo kuliko walivyokuwa. Urefu wa mito nao una fitina yake. Kijana husikia kwamba chini ndiko kwenye kasi, akaishusha hadi mwisho, kichwa kikabaki kimechomoza juu kikitafuta barabara. Mara nyingi kuinua mito na viganja kidogo, mkao ambao waendeshaji huuita wa vunjajungu, huficha uso nyuma ya mikono na kumpa mtu kasi pamoja na nafuu ya shingo.

Halafu nyonga. Anayeinama sana bila kusogeza kiti mbele hukunja paja dhidi ya tumbo kila pedali inapofika juu. Pumzi inakata, nguvu zinapungua, na alichookoa kwenye upepo amekipoteza miguuni. Umbo la mirija ni suala la vifundo vya mikono. Iliyonyooka inapendeza kwa macho lakini huwachosha wengi, na iliyopinda juu hukipa kiganja mahali pa kupumzika. Mtu asiyeweza kukaa ameinama dakika 40 hana usukani wa kasi, hata uwe wa kaboni tupu.

Mskoti Graeme Obree aliyajua haya mapema. Tarehe 17 Julai 1993 mjini Hamar, Norwe, alivunja rekodi ya saa moja kwa kilomita 51.596 juu ya baiskeli aliyoiunda mwenyewe, ikiwa na bearingi za mashine ya kufulia, mikono ameikunja chini ya kifua. Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, likaupiga marufuku mkao huo mwaka uliofuata. Akarudi na mwingine, mikono imenyooshwa mbele yote, akatwaa ubingwa wa dunia wa 1995 uwanjani. Nao ukapigwa marufuku baadaye. Tangu 2023 kanuni zinawagawa waendeshaji kwa kimo: mirija inaruhusiwa kufika sentimita 80 mbele ya ekseli ya pedali kwa wafupi, hadi 85 kwa wenye kimo cha sentimita 190 na kuendelea. Ni mageuzi ya haki yaliyochelewa, kwa sababu warefu wengi walikuwa wakilazimishwa kujikunja kama wafupi.

Kwa anayenunua kwa jasho lake, mirija ya alumini ya kufunga juu ya usukani uliopo inatosha kuanzia. Akague kwanza unene wa usukani kwenye sehemu ya kufungia. Mirija mingi ya sasa imetengenezwa kwa bomba la duara la milimita 31.8, na baiskeli kuukuu za mtumba mara nyingi zina 26 au 25.4. Kujaza pengo kwa kipande cha mpira wa tairi na kukaza bolti kwa hasira ni kujitafutia kuvunjika taya. Usukani wa kaboni nao usifungwe chochote bila idhini ya mtengenezaji. Kisha rafiki ampige video kwa simu kutoka ubavuni na kutoka mbele, abadilishe kitu kimoja kwa wakati, na ajipime kwenye mtelemko uleule, asubuhi isiyo na upepo, bila kukanyaga pedali. Njia hiyo haina uhakika wa handaki la upepo, lakini haidanganyi kama tangazo.

Lipo jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa haraka. Mikono ikiwa juu ya mirija, breki ziko mbali na baiskeli inakuwa nyepesi kuyumba. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi na bingwa wa Tour mara nne, alikuwa akikagua njia ya mbio za saa karibu na Roanne, Ufaransa, Juni 2019, alipoondoa mkono ili apenge kamasi. Upepo ukampiga, akaanguka kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 50 kwa saa na kuvunjika paja, kiwiko na mbavu. Januari 2022 Egan Bernal wa Kolombia, akiwa amejikunyata mazoezini, aligonga basi lililosimama. Hao ni mabingwa kwenye barabara nzuri. Kwenye njia za matatu na daladala, mirija hiyo ina nafasi yake kabla jua halijapanda, mahali panapoonekana mbali, na kamwe si ndani ya kundi. UCI yenyewe imeikataza katika mbio za kuanza pamoja.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifika Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali. Remco Evenepoel wa Ubelgiji alishinda mbio za saa za kilomita 40.6, taji lake la tatu mfululizo, akimpita njiani Mslovenia Tadej Pogačar aliyeanza kabla yake, huku baadhi ya washindani kutoka nchi maskini wakipanda baiskeli za kawaida. Waandaaji wa Afrika Mashariki wanaweza kupunguza pengo hilo nyumbani bila kusubiri mfadhili. Marekani kuna daraja la washindani lililopewa jina la Eddy Merckx, bingwa wa zamani, ambapo mirija, magurudumu mazima na kofia ndefu haviruhusiwi. Mashirikisho ya Kenya, Tanzania na Uganda yaweke daraja kama hilo katika kila mbio za saa za ndani, lenye zawadi sawa na lile la baiskeli maalumu, na vijana walioteuliwa kwa miguu yao ndio wapewe mirija na mtu wa kuwapima.