Upanga wa Mfalme na Shaba Yetu

Ndugu wafanya kazi wa migodi, na ninyi watu wa mji,

Neno letu la leo ni juu ya habari ndogo zinazopewa nafasi kubwa. Tunatoa mfano mmoja ambao kila mtu wa inchi hii anaujua.

Tarehe 29 Juni 1960, siku moja mbele ya Uhuru, Mfalme Baudouin alipita katika barabara ya Léopoldville, amesimama ndani ya motokari ya wazi pamoja na Rais Kasa-Vubu. Mtu mmoja akatoka kati ya watu, akanyakua upanga wa Mfalme, akakimbia nao. Akakamatwa, upanga ukarudishwa kwa mwenyewe. Habari yote ndiyo hiyo. Lakini Mjerumani mmoja mpiga picha, Robert Lebeck, alikuwa karibu, na picha yake ikazunguka dunia nzima.

Hatuwakasirikii waliocheka. Wako ndugu wanaosema kwamba ule upanga ulikuwa alama: mtu mweusi ameshika nguvu ya mfalme kwa mkono wake. Neno lao tunalifahamu. Lakini upanga ulirudi haraka. Je, kile kilichochukuliwa upande wetu, kilirudi lini?

Maana siku mbili mbele ya upanga, tarehe 27 Juni 1960, C.S.K. ilivunjwa. Comité Spécial du Katanga ilianzishwa mwaka 1900 kwa kusimamia udongo na madini ya Katanga. Theluthi mbili zilikuwa za Serkali, theluthi moja ya Compagnie du Katanga. Kwa njia ya C.S.K., Serkali ilikuwa na kura zenye nguvu ndani ya Union Minière. Kongo huru ilingoja kurithi kura zile. Siku tatu mbele ya urithi, sanduku likavunjwa, na nguvu ya kusema neno la mwisho juu ya shaba ikatuponyoka.

Tena, sheria ya tarehe 17 Juni 1960 ilikuwa imekwisha kuzipa kompanyi ruhusa ya kuchagua kuwa kompanyi za Ubelgiji, makao yao yakahamia kule. Hapo hapakuwa na mtu wa kukimbia barabarani, wala askari wa kumfukuza. Palikuwa na meza, kalamu na karatasi. Kitu cha namna hii hakipendezi katika picha, basi watu wengi hawakukisikia.

Tusiwalaumu waandishi wa Ulaya peke yao. Sisi watu wa vyama tuna kosa letu. Mwezi wa Januari 1960 wakubwa wetu walikwenda Bruxelles kwa Meza ya Mviringo ya siasa, na kila mtu alitaka kujua nani amesema nini. Lakini tarehe 26 Aprili ilipofunguliwa Meza ya Mviringo ya uchumi, wakubwa walikuwa katika kazi ya kutafuta kura. Walioketi mbele ya mabwana wa feza walikuwa hasa vijana, wengi wao wanafunzi. Tulizungumza juu ya viti, na mali ikazungumzwa na wengine.

Matunda yake tuliyaona. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilitangazwa kuwa inchi ya peke yake, na Union Minière ikalipa kodi yake Élisabethville, haikulipa Léopoldville. Damu ikamwagika mpaka Januari 1963. Ilikuwa tarehe 1 Januari 1967 tu ndipo Serkali ya Kongo ilipotwaa mali ya Union Minière iliyokuwa ndani ya inchi.

Wewe mfanya kazi wa mgodi, jambo hili unalijua kuliko mwalimu. Kishindo cha baruti kinasikiwa na kambi nzima, hata na mtoto mgongoni mwa mama yake. Lakini jioni hakuna anayepima kishindo. Yanapimwa mawe yaliyo ndani ya wago.

Soma gazeti lako namna hiyo, na hili letu vilevile. Karatasi yetu ni ndogo: tukiijaza upanga, hisa hazina mahali. Ukiona habari inayochekesha mji mzima, cheka, kisha uliza: juma hili imetiwa sahihi gani? Nani amepata, nani atalipa? Usipopata jibu katika ukurasa wa kwanza, tafuta chini ya ukurasa wa mwisho, katika herufi ndogo. Usipolipata hata huko, njoo utuulize sisi, na utulaumu.

Upanga ulikuwa wa Mfalme. Shaba ilikuwa yetu.