Kibanda ni Kibanda, Hata Hanoi

Kuna aina ya Mkenya ambaye hawezi kula mutura mtaani kwao, lakini atapanda ndege mbili kwenda Asia, aketi kwenye stuli ya plastiki inayomfika magotini, ashike vijiti, apigwe picha, kisha aandike chini yake "chakula halisi". Nyumbani stuli hiyo hiyo anaiita uchafu. Akiona kanjo wamebeba sufuria ya mama wa chapo, anasema sawa tu, si mji unasafishwa. Nina ugomvi na huyo Mkenya.

Mimi na mume wangu tulipitia Hanoi kwa siku tatu. Wengi wenu mtafika huko, kwa sababu tangu Agosti 2023 visa ya Vietnam inaombwa mtandaoni na raia wa nchi yoyote. Tulifanya yale ambayo kila wageni wawili hufanya. Tulizunguka ziwa la Hoàn Kiếm, tukavuka daraja jekundu hadi hekalu la Ngọc Sơn, tukasimuliwa hadithi ya Lê Lợi, mfalme wa karne ya 15, na kobe aliyetoka ziwani kuchukua upanga wake. Halafu tukaingia mji wa kale, ile inayoitwa mitaa 36, ambako majina mengi ya mitaa ni majina ya bidhaa. Hàng Bạc ni mtaa wa fedha. Hàng Đường ni wa sukari. Hàng Mã ni wa vitu vya karatasi vinavyochomwa kwa heshima ya wafu. Hebu fikiria Nairobi yenye Mtaa wa Sufuria na Mtaa wa Mitumba, na kibao cha serikali juu yake. Mji unakiri kwa majina yake kwamba ulijengwa na watu wa kuuza vitu.

Mchana tukala bún chả. Mama mmoja alikuwa na jiko la makaa kando ya barabara, anapepea nyama ya nguruwe huku moshi ukiwaingia wapita njia machoni. Unaletewa bakuli la sosi ya samaki iliyotiwa siki, sukari na vipande vya papai bichi, nyama inaelea ndani. Kando kuna tambi za mchele zilizopoa na rundo la majani mabichi. Vyombo vilioshwa kwenye beseni, hatua tatu kutoka meza yetu. Miguu yangu haikuwa na pa kwenda, kwa hivyo niliitoa nje, karibu na magurudumu ya pikipiki za watu. Bei ilikuwa dong 50,000, kama shilingi 260 za kwetu. Mume wangu akatazama huku na huku akasema, "Babe, hii si ni kibanda tu?"

Ndiyo. Ni kibanda tu. Toa tambi uweke madondo, toa vijiti uweke kijiko kilichopinda, na uko nyuma ya stage yoyote Nairobi saa saba mchana, na fundi wa mjengo amekaa kulia kwako na karani wa benki kushoto. Sasa kwa nini kimoja kinaitwa utamaduni na kingine kinaitwa kero?

Jibu rahisi ni kwamba wazungu walikula huko. Mei 2016 Barack Obama, akiwa rais wa Marekani, aliketi na Anthony Bourdain kwenye stuli ya plastiki katika mkahawa mdogo wa Hanoi uitwao Hương Liên. Bili ya wote wawili ilikuwa dola 6, na Bourdain ndiye aliyelipa. Leo meza yao imefungiwa ndani ya sanduku la kioo, na bia na bakuli zimewekwa juu yake kama masalia ya mtakatifu. Unaweza kuagiza mlo uitwao Combo Obama. Mtu ambaye baba yake alikulia Siaya ameifanya meza ya kibanda iwe kumbukumbu katika mji wa watu wengine, na sisi huku tunashangilia huku tukiunga mkono meza za vibanda vyetu zipakiwe kwenye lori.

Lakini msidhani Hanoi ni peponi kwa wachuuzi. Hapa ndipo watalii hudanganyana. Vietnam ya kabla ya 1986 iliibana sana biashara ya mtu binafsi. Mageuzi ya Đổi Mới ya mwaka huo ndiyo yaliyofungua mlango, na watu wakajaa njiani na walichokuwa nacho. Miaka 22 baadaye, mwaka 2008, mji huo huo ulipiga marufuku wachuuzi katika mitaa 62. Ukiwaona wale kina mama wenye mti begani na vikapu viwili vinavyoning'inia, wengi wao wanatoka vijijini, na wanatembea bila kusimama kwa sababu kusimama ndilo kosa. Mtalii anamwita mama, anaomba mti ule ajaribu kuubeba, anapigwa picha, anacheka, anaondoka. Mama anaendelea kuangalia nyuma kama polisi wako. Mgeni haioni hiyo. Anaona "rangi".

Kule kusini, Ho Chi Minh City, mambo yalikuwa wazi zaidi. Mwaka 2017 naibu mwenyekiti wa Wilaya ya Kwanza, Đoàn Ngọc Hải, aliongoza msako wa kusafisha njia za waenda kwa miguu. Magari yalivutwa, ngazi za nyumba zikavunjwa, meza na stuli zikabebwa. Aliahidi kuigeuza wilaya yake kuwa Singapore ndogo. Januari 2018 akawasilisha barua ya kujiuzulu, akisema ameshindwa kutimiza ahadi. Stuli zikarudi. Huwezi kumfagia mtu mwenye njaa na mtu mwenye sufuria wasikutane. Watakutana kesho, mita kumi mbele.

Na hiyo Singapore yenyewe, ambayo kila gavana na kila meya huitaja akishika kipaza sauti, ilifanya nini? Haikuwafukuza wachuuzi wake ikaishia hapo. Iliwaandikisha, ikawajengea vituo vyenye paa, maji, umeme na mitaro, ikawahamishia huko polepole hadi miaka ya themanini. Desemba 2020 UNESCO ikaingiza utamaduni huo wa vituo vya vyakula katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Viongozi wetu wanaipenda Singapore ya vioo na lami. Singapore ya mfereji karibu na sufuria hawaitaki, kwa sababu mfereji unahitaji bajeti, na askari mwenye rungu tayari analipwa.

Najua utaniambia nini. Utasema usafi. Sawa, tuongee usafi. Mwaka 2017 kipindupindu kiliingia Nairobi, na baadhi ya walioumwa walikuwa wamekula katika hafla kubwa, kwenye kumbi za hadhi, sahani nyeupe na vitambaa vya mezani. Mawaziri wawili walilazwa hospitalini. Hakuna aliyesema hoteli zote zivunjwe. Zilikaguliwa, wapishi wakapimwa, biashara ikaendelea. Kumbe tunajua jinsi ya kushughulikia uchafu bila kuvunja mtu! Tatizo la chakula cha njiani ni maji, choo na taka, na hivyo vitatu si mama wa chapo anayevigawa mjini. Ni kaunti. Unamnyima mfereji, halafu unamkamata kwa kutonawa mikono.

Utasema pia njia ni za kupita. Hapo nakubaliana nawe nusu. Hanoi tulilazimika kushuka barabarani mara nyingi kwa sababu njia imejaa stuli na pikipiki zilizoegeshwa, na mtu wa kiti cha magurudumu hawezi kabisa. Hilo ni kosa na lisitetewe kwa jina la utamaduni. Lakini kuna njia ya kugawana nafasi. Mwaka 2024 Ho Chi Minh City, mji ule ule uliokuwa ukibeba stuli, ulianza kutoza ada kwa wanaotumia sehemu ya njia kwa biashara. Ukilipa, una haki. Una pa kusimama na una risiti ya kuonyesha. Linganisha na kwetu, ambako mchuuzi hulipa kila siku pia, ila mara nyingi hulipa mfukoni mwa mtu, na hakuna risiti.

Na kuna jambo lingine ambalo mgeni hulipita haraka. Alasiri ile tulikunywa kahawa ya yai. Ni tamu ajabu, kama keki inayonyweka. Ilibuniwa Hanoi mwaka 1946 na Nguyễn Văn Giảng, aliyekuwa akihudumu katika hoteli ya Metropole, kwa sababu maziwa yalikuwa haba. Akapiga kiini cha yai badala yake. Chini ya lile povu kuna robusta, mmea wenye asili ya Afrika, misitu ya Congo na Uganda, ambao leo umeifanya Vietnam iwe ya pili duniani kwa kahawa nyuma ya Brazil. Yaani kahawa ilitoka huku, upungufu ukatoka huko, mtu mmoja akaunganisha. Hivi ndivyo chakula cha mji huzaliwa. Smokie pasua ilizaliwa hivyo hivyo, toroli, kisu na kachumbari. Mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu pale Mama Ngina, Mombasa, ni hivyo hivyo. Hakuna kamati iliyokaa kuvibuni.

Ndiyo maana inaniudhi kusikia watu wa rika langu, waliosomeshwa kwa pesa za mboga za mama zao, wakisema jiji "liko na vurugu". Huko Hanoi wanavuka barabara ya pikipiki elfu wakicheka, wanaiita raha. Wanapanda xe ôm, jina ambalo maana yake ni chombo cha kukumbatia, na wanaliona jina tamu. Wakitua JKIA, nduthi ni wahuni. Vurugu ile ile. Kilichobadilika ni kwamba huku wanaoifanya wanafanana nao, na pengine ni jamaa zao.

Sisemi usisafiri. Nenda, kale, kabebane na mtu wako nyuma ya pikipiki. Ninachosema ni kwamba huna haki ya kusifu stuli ya mbali na kushangilia stuli ya karibu ikivunjwa. Kama ulifurahia Hanoi, basi ulichofurahia kina jina: ni haki ya maskini kuuza chakula mahali watu walipo. Haki hiyo idai kwenu pia. Mfereji kila stage. Choo. Pipa la taka linalomwagwa kila jioni. Mstari unaoonyesha meza inaishia wapi na mpita njia anaanzia wapi. Ada moja, kwa risiti. Kaunti ikileta bajeti mbele ya wananchi, nenda ukaulize mfereji wa mama wa chapo uko ukurasa gani. Na siku wakija na lori, zile simu mlizopigia picha bakuli za watu wa Hanoi, zitoeni.