Kongo kwenye skrini, bendera ya nani?

Msimu wa Oscar ukikaribia, wapenzi wa filamu mjini Goma huanza kubishana nani atashinda. Ubishi huo una utamu wake, na toleo hili nalo limeutengea kurasa. Lakini mhakiki anayetabiri tuzo bila kujua kanuni zake anapiga ramli tu.

Katika kundi la filamu ya kimataifa, mwongozaji hajipeleki mwenyewe. Kwa kawaida filamu hupelekwa na nchi, kupitia kamati iliyokubaliwa na Akademi inayotoa Oscar, na sharti iwe imeonyeshwa siku 7 mfululizo katika sinema ya biashara. Ndiyo maana *Rebelle* ya Kim Nguyen, iliyompa Rachel Mwanza wa Kinshasa tuzo ya mwigizaji bora wa kike mjini Berlin mwaka 2012, iliwania Oscar kwa jina la Kanada. *Félicité* ya Alain Gomis, hadithi ya mwimbaji wa baa za Kinshasa, ilipelekwa na Senegal. *Augure* ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, ilituzwa Cannes mwaka 2023, kisha ikapelekwa na Ubelgiji. Mwenye kutabiri hapo anapima kamati, wasambazaji na fedha kabla hajaifikia filamu yenyewe.

Kuhakiki ni kazi nyingine.

Itazamwe *Makala* ya Mfaransa Emmanuel Gras, iliyoshinda tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki huko Cannes mwaka 2017. Mhusika wake, Kabwita, anaangusha mti, anachoma makala, yaani mkaa, anarundika magunia juu ya baiskeli na kuisukuma hadi Kolwezi, malori yakimpita karibu na vumbi likimfunika. Maneno ni machache. Wengi wameisifu kwa uzuri wa picha zake, na kweli ni nzuri. Ila mkazi wa Goma, aliyezoea kuona chukudu, baiskeli ya mbao, ikipanda mlima na mzigo, anauliza gunia litauzwa bei gani na mwenyewe atabakiwa na nini. Wateja wanapomshusha bei, mtazamaji wa Paris anasoma maandishi chini ya picha. Wa Goma anasikia Kiswahili chenyewe, na sauti ya mtu aliyechoka mno hata kubishana. Hapo ndipo filamu inapofikia kilele chake, wala si katika mapambazuko yake yote.

Wahakiki wa toleo hili wameombwa sikio hilo. Wameombwa pia wasiipite *En route pour le milliard* ya Dieudo Hamadi, iliyochaguliwa na Cannes mwaka 2020, mwaka ambao tamasha halikufanyika kama kawaida. Manusura wa vita vya Kisangani vya mwaka 2000 wanashuka mto Kongo kwenda Kinshasa kudai fidia, na katikati ya safari wanaonekana jukwaani wakiigiza maisha yao wenyewe. Katika kurasa zinazofuata, filamu hiyo imepewa nafasi ndefu kuliko yoyote inayotabiriwa kushinda.